Wanasesere Wanne wa Akina Clark: Picha Aonyeshwayo Mtoto na Maendeleo Yake Shuleni

Kwa miaka mingi, katika vipindi vya malezi ya Kikristo hapa chuoni, tumekuwa tukiisimulia habari ya wanasesere wa Kenneth na Mamie Clark kama mtu asimuliavyo mfano ambao maana yake imekwisha kujulikana. Tulisema: mtoto mweusi wa Marekani aliwekewa wanasesere mbele yake, akamchagua mweupe na kumkataa mweusi, kwa hiyo ubaguzi humwumiza mtoto nafsini, na mtoto aliyeumizwa nafsini hafaulu shuleni. Wanafunzi waliandika, nasi tukaendelea na somo lililofuata. Siku moja mwanafunzi mmoja, ambaye kabla ya kuitikia wito alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliuliza swali fupi: watoto wale walipimwa katika somo gani, na walipata alama ngapi?

Hatukuwa na jibu. Tulipoirudia habari yenyewe kwa makini tuliona kwamba hawakupimwa katika somo lolote. Sehemu ya kwanza ya mafundisho yetu ilikuwa na msingi. Sehemu ya pili tuliiongeza sisi wenyewe, na kwa muda mrefu hakuna aliyetuuliza. Makala hii imetokana na kurudia huko. Tunakusudia kufuata njia ambayo watafiti wa Marekani wameipita tangu mwaka 1939 hadi siku zetu katika kuuliza jambo moja: je, picha ambayo jamii humwonyesha mtoto juu yake mwenyewe hubadili kiasi anachojifunza darasani? Hatukuona vema kuwaachia wataalamu wa elimu peke yao jambo hili. Makanisa yetu huendesha shule, huchapa vitabu vya watoto vyenye picha, na mara nyingi sisi wachungaji husema mimbarani kwamba "utafiti umethibitisha" jambo fulani bila kuwa tumeusoma utafiti huo.

Kwanza, haki ya mwenye kazi. Watu wengi husema "wanasesere wa Dakta Clark" wakimfikiria mume. Lakini mbegu ilikuwa ya mke. Mamie Phipps alizaliwa mwaka 1917 katika mji wa Hot Springs, jimbo la Arkansas, baba yake akiwa daktari. Alisoma Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, na huko, mwaka 1939, aliandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu namna watoto weusi ambao hawajaanza shule wanavyoanza kujitambua kuwa wao ni nani. Kenneth, aliyezaliwa mwaka 1914 katika eneo la Mfereji wa Panama na kulelewa Harlem, New York, alikiri waziwazi katika maisha yake kwamba kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, naye akaingia baadaye. Wote wawili walipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia, Kenneth mwaka 1940 na Mamie mwaka 1943. Mwalimu aliyemsimamia Mamie huko, Henry Garrett, alikuwa mtu aliyeamini kwamba weusi na weupe wasisome pamoja. Tutamkuta tena mbele kidogo.

Utafiti wenyewe, ambao matokeo yake makuu yalichapishwa mwaka 1947, ulikuwa mwepesi kuueleza. Palikuwa na wanasesere wanne waliofanana kwa kila hali, wamevikwa nepi tu. Wawili walikuwa wa rangi ya kahawia wenye nywele nyeusi, na wawili weupe wenye nywele za manjano. Mtoto aliombwa mambo manane, moja baada ya jingine: anipe yule anayependa kucheza naye, yule mzuri, yule anayeonekana mbaya, yule mwenye rangi nzuri, kisha yule afananaye na mzungu, yule afananaye na mtu mweusi, na mwisho kabisa, yule afananaye na wewe. Watoto walikuwa 253, wa umri wa miaka mitatu hadi saba. Kati yao 134 walitoka katika shule za utengano za Arkansas, kusini, na 119 walitoka Springfield, Massachusetts, kaskazini, ambako weusi na weupe walisoma pamoja.

Asilimia 67 walitaka kucheza na mweupe. Asilimia 59 walisema mweupe ndiye mzuri, na asilimia 59 wakasema wa kahawia ndiye anayeonekana mbaya. Lakini walipoulizwa ni yupi afananaye nao, asilimia 66 walimwonyesha wa kahawia. Msomaji na atulie hapa kidogo, kwa maana uzito wa jambo zima uko katika mpangilio wa maswali. Mtoto alikuwa amekwisha kusema kwa kinywa chake kwamba huyu ndiye mbaya. Sasa anaambiwa aonyeshe aliye kama yeye. Wengine huko kaskazini waliangua kilio na kukimbia nje ya chumba. Kenneth Clark alieleza baadaye kwamba swali hilo la mwisho lilimtesa hata yeye mwuulizaji.

Utafiti huu ungebaki katika maktaba kama nyingi nyingine, kama si wazazi wa wilaya ya Clarendon, South Carolina. Habari yao inawahusu wachungaji kwa karibu. Mwaka 1947 wazazi weusi wa huko waliomba basi moja tu la shule. Watoto weupe walikuwa na mabasi yao. Watoto weusi walitembea kwa miguu, wengine maili nyingi. Aliyewakusanya wazazi hao alikuwa Joseph DeLaine, mchungaji wa Kanisa la African Methodist Episcopal na mwalimu wa shule. Ombi la basi lilikataliwa, likakua likawa dai la usawa, na hatimaye dai la kuondoa utengano wenyewe. Harry Briggs, ambaye jina lake lilitangulia katika orodha ya walalamikaji, alifukuzwa kazi katika kituo cha mafuta. Mkewe Eliza naye akapoteza kazi yake. DeLaine alinyang'anywa kazi ya ualimu, nyumba yake ikateketea mwaka 1951, kanisa alilolihudumia likachomwa mwaka 1955, na alipowajibu kwa risasi watu walioishambulia nyumba yake usiku, hati ya kumkamata ilitolewa, naye akakimbilia kaskazini. Alifariki mwaka 1974. Hati ile ilifutwa mwaka 2000.

Mawakili wa walalamikaji walimwomba Kenneth Clark aje na wanasesere wake. Mwaka 1951 aliwapima watoto 16 wa Clarendon, wa umri wa miaka sita hadi tisa. Kumi walimpenda mweupe. Kumi na mmoja walisema wa kahawia ndiye anayeonekana mbaya. Alitoa ushahidi huo mahakamani. Katika kesi ya Virginia, mwaka 1952, serikali ya jimbo ilimleta mtaalamu wa kuutetea utengano, naye hakuwa mwingine bali Henry Garrett. Na aliyesimama kumjibu alikuwa Mamie Clark, mwanafunzi wake wa zamani. Kesi hizo ziliunganishwa na nyingine, na tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa sauti moja ya majaji wote tisa, ilitamka kwamba utengano katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Jaji Mkuu Earl Warren alieleza kwamba kuwatenga watoto kwa sababu ya rangi huwatia hisia ya kuwa duni, na kwamba hisia hiyo hudhoofisha ari yao ya kujifunza. Katika tanbihi ya 11 ya hukumu hiyo, kazi ya Kenneth Clark ilitajwa kwanza.

Hapo ndipo viungo viwili vilipounganishwa: hisia ya unyonge, na kujifunza. Sisi tulikirithi kiungo hicho kikiwa tayari kimefungwa.

Wakosoaji hawakukawia. Mwanazuoni Ernest van den Haag, ambaye hakuwa rafiki wa hukumu ile, alirudi kwenye hesabu za akina Clark na kuonyesha jambo ambalo watetezi walilipita haraka. Kama utengano wa shule ndio uliowatia watoto dharau juu ya rangi yao, watoto wa kusini wangepaswa kuwa na hali mbaya zaidi. Ilikuwa kinyume. Waliotaka kucheza na mweupe kusini walikuwa asilimia 62, na kaskazini 72. Waliosema wa kahawia anaonekana mbaya kusini walikuwa asilimia 49, na kaskazini 71. Yatupasa kukiri kwamba hoja hiyo ina nguvu, ingawa nia ya mwenye kuitoa haikutupendeza. Clark alijibu kwamba mtoto wa kusini aliyejibu kwa utulivu huenda alikuwa amekwisha kukubali unyonge wake, na utulivu huo ndio ugonjwa. Yule wa kaskazini aliyelia alikuwa bado anapambana. Jibu hili lina hekima ya mtu aliyewatazama watoto usoni. Lakini ni fafanuzi, si kipimo, na fafanuzi iwezayo kuthibitishwa na kilio na kwa utulivu pia ni ngumu kuipima.

Tuseme basi lililo wazi kwetu: hukumu ya 1954 ilikuwa ya haki, na haikuhitaji wanasesere ili iwe ya haki. Watoto wa Clarendon walitembea kwa miguu huku mabasi yakiwapita. Hilo lilitosha. Kuiegemeza haki ya mtoto juu ya jaribio la kisaikolojia ni kuiweka mahali ambapo jaribio jingine laweza kuitikisa.

Kipimo cha masomo chenyewe kilikuja mwaka 1966. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 iliagiza uchunguzi juu ya usawa wa elimu, na kazi hiyo ikaongozwa na mwanasosholojia James Coleman. Wanafunzi zaidi ya 600,000 katika shule zipatazo 4,000 walihesabiwa na kupimwa. Wengi walitarajia kuambiwa kwamba tofauti ya alama inatokana na majengo, vitabu na maabara. Coleman aliona kwamba hali ya familia atokako mtoto, na hali ya wanafunzi wenzake, vilieleza tofauti hiyo kuliko vifaa vya shule. Lililotugusa sisi zaidi liko ndani zaidi ya taarifa hiyo. Wanafunzi weusi walipoulizwa juu ya uwezo wao wenyewe, hawakujidharau kuliko wenzao weupe. Walipotofautiana ni katika swali jingine: je, juhudi ya mtu humfikisha mahali, au mambo huamuliwa na bahati na watu wengine? Na jibu la mtoto wa kundi la wachache katika swali hilo liliambatana na alama zake kuliko mambo yote ya shule yaliyopimwa. Kwa maneno mengine, huenda kilichowazuia hakikuwa kujichukia, bali kuona mlango umefungwa. Mara nyingi mtoto huona sawasawa.

Katika miaka hiyohiyo wengine walianza kuzitazama picha zenyewe. Mwaka 1965 Nancy Larrick, mtaalamu wa usomaji, alichapisha hesabu ya vitabu vya watoto 5,206 vilivyotolewa na wachapishaji wa Marekani kati ya 1962 na 1964. Vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, katika maneno au picha, vilikuwa 349, yaani asilimia 6.7. Alieleza kwamba aliyemwamsha ni mtoto mweusi wa miaka mitano aliyeuliza kwa nini waliomo vitabuni ni weupe siku zote. Larrick alihesabu vitabu tu. Hakudai kwamba amepima alama za wasomaji wake. Twatamani nasi tungekuwa na kiasi kama hicho.

Kuhusu utafiti wa Robert Rosenthal na Lenore Jacobson, uliochapishwa mwaka 1968, hatutakawia, kwa kuwa karibu kila mwalimu ameusikia. Walimu wa shule moja ya msingi huko California waliambiwa kwamba watoto fulani wangechanua kiakili mwaka ule. Kumbe watoto hao, mmoja kwa kila watano, walichaguliwa kwa kura tu. Mwisho wa mwaka watoto wa darasa la kwanza na la pili waliotajwa walikuwa wameongezeka kuliko wenzao, lakini katika madarasa ya juu tofauti haikuonekana. Wataalamu wa vipimo waliukosoa vikali. Stephen Raudenbush, alipokusanya majaribio ya namna hiyo mwaka 1984, aligundua kwamba matarajio ya kupandikizwa hufanya kazi pale mwalimu asipokuwa bado amemfahamu mtoto. Akiisha kuwa naye wiki mbili au zaidi, neno la mtaalamu huishiwa nguvu. Tumewahi kuusimulia utafiti huu semina nzima bila kuitaja hata mara moja habari ya madarasa ya juu.

Kisha ikaja televisheni, na hapo twapaswa kukaa zaidi.

Mwaka 1966 Joan Ganz Cooney, mtayarishaji wa vipindi mjini New York, na Lloyd Morrisett wa Shirika la Carnegie walianza kujiuliza kama chombo hicho kilichowauzia watoto biskuti kingeweza kuwafundisha herufi na hesabu. Kipindi cha Sesame Street kilianza tarehe 10 Novemba 1969. Hakikuwekwa katika kasri wala shamba, bali katika mtaa wa mji, wenye ngazi za nyumba na mapipa ya taka, na wenyeji wake wakuu, Gordon na Susan, walikuwa mume na mke weusi. Hilo halikutokea kwa bahati. Miongoni mwa washauri alikuwamo Chester Pierce, daktari mweusi wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyetaka mtoto amwone mtu mweusi akiishi kwa heshima na majirani zake. Kwamba picha hiyo ilikuwa na maana, maadui wake walilijua mapema: mwezi Mei 1970 tume ya televisheni ya elimu ya jimbo la Mississippi ilipiga kura kukizuia kipindi kwa sababu weusi na weupe walionekana pamoja. Malalamiko yalipozidi, iliirudisha kauli yake katika mwezi uleule.

Wenye kipindi hiki walipima tangu mwanzo. Edward Palmer alimweka mtoto mbele ya televisheni, na kando yake akaweka mashine ya kuonyesha picha zinazobadilika kila baada ya sekunde chache. Mtoto alipogeuza macho kutazama kando, ilijulikana kwamba hapo kipindi kimemchosha. Tathmini ya mwaka wa kwanza, iliyofanywa na Samuel Ball na Gerry Ann Bogatz, ilionyesha kwamba waliotazama zaidi walijifunza zaidi. Lakini kipindi kilipendwa mno hata wale waliokusudiwa kuwa kundi la kulinganishia nao walikitazama, na ulinganisho ukaharibika. Mwaka 1975 Thomas Cook na wenzake walizipitia takwimu upya, wakatenganisha kutazama na kutiwa moyo na watafiti waliokuwa wakiwatembelea watoto nyumbani. Faida ilipungua. Tena walionya kwamba kama watoto wa wenye nafasi hutazama zaidi, chombo kilichokusudiwa kuziba pengo chaweza kulipanua.

Jibu bora lilipatikana kwa njia isiyotazamiwa. Melissa Kearney na Phillip Levine, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, walitumia udhaifu wa mitambo ya zamani: mwaka 1969 karibu theluthi moja ya Wamarekani hawakuweza kukipata kipindi hicho vizuri kwa sababu ya umbali wa mnara au aina ya mawimbi. Hapakuwa na mtu aliyepanga hivyo kwa ajili ya watoto. Walipolinganisha sehemu zenye mawimbi mazuri na zenye mabaya, waliona kwamba watoto waliokuwa hawajaanza shule wakati huo, penye mawimbi mazuri, baadaye walielekea zaidi kuwa katika darasa linalolingana na umri wao; na faida ilikuwa kubwa kwa wavulana, kwa watoto weusi, na kwa waliokulia katika maeneo maskini. Kuhusu kiwango cha elimu na ajira ukubwani, ushahidi haukuwa dhahiri. Je, ni sura ya Gordon na Susan, au ni herufi na hesabu? Mawimbi yalileta vyote pamoja, hayawezi kutujibu.

Televisheni ya kawaida, isiyokusudiwa kufundisha, ilitoa picha tofauti. Nicole Martins na Kristen Harrison, mwaka 2012, waliandika juu ya watoto 396 wa Marekani waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja. Kadiri walivyotazama zaidi, kujithamini kulipungua kwa wasichana weupe, wasichana weusi na wavulana weusi. Kwa wavulana weupe kuliongezeka. Hapa picha na nafsi vimeunganishwa, lakini, kama kwa wanasesere, alama za darasani hazikuwamo.

Zilikuwamo Kampala. Mwaka 2016 Emma Riley aliwapeleka wanafunzi wa sekondari waliokaribia mitihani ya taifa kutazama filamu. Kwa kura, wengine walionyeshwa Queen of Katwe, habari ya kweli ya Phiona Mutesi, msichana wa mtaa maskini wa jiji lilelile aliyepanda kwa mchezo wa sataranji. Wengine walionyeshwa filamu nyingine tu ya kubuni. Waliomwona Phiona walifanya vizuri zaidi, hasa katika hisabati, na hasa wasichana na wale waliokuwa dhaifu masomoni. Huu, kwa maoni yetu, ndio ushahidi ulio karibu zaidi na swali la mwanafunzi wetu, nao umetoka kwa majirani zetu. Twaona pia kwamba filamu ile haikuwaambia wasichana kwamba wao ni wazuri. Iliwaonyesha mtu wa kwao akijifunza jambo gumu, akishindwa, akirudia. Inafanana zaidi na swali la Coleman juu ya mlango kuliko na swali la Clark juu ya mwanasesere.

Kwetu Tanzania pia vipimo vimefanywa. Dina Borzekowski na Henry Macha, mwaka 2010, waliandika juu ya watoto 223 waliofuata Kilimani Sesame kwa televisheni, redio na vitabu kwa wiki sita. Waliopata zaidi walipata faida katika kusoma, kuhesabu na maarifa ya afya. Baadaye Borzekowski aliwapima watoto wa Morogoro waliotazama Akili and Me, katuni iliyotengenezwa hapahapa nchini, naye akaona maendeleo katika hesabu na mengineyo.

Mwanafunzi aliyetuuliza swali lile sasa ni mchungaji, na usharika wake una shule ya chekechea. Tulipomaliza kazi hii tulimwandikia kwamba katika kabati la chuo tumekuta picha za zamani za shule ya Jumapili, na kwamba katika picha 40 tulizozihesabu hakuna mtoto hata mmoja anayefanana na wake. Tukamshauri azibadilishe, huku tukimweleza kwa uaminifu kile ambacho badiliko hilo laweza kufanya na kile ambacho hatuna ushahidi nacho. Alijibu kwa mistari michache. Picha alikuwa amekwisha kuzibandua mwaka uliopita, na watoto wenyewe wamechora nyingine. Anatafuta mwalimu wa pili, kwa kuwa watoto ni 71 katika chumba kimoja.